Kuzipitia Upya Sheria za Kale za Kaunti

  Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huonekana kuwa ni kazi ya mawakili na makarani tu, nalo ni kuzipitia upya sheria za kale za kaunti. Tukiliangalia vema tutaona kwamba jambo hili lamhusu auzaye ndizi sokoni, achungaye mbuzi kando ya barabara, ajengaye kibanda na achimbaye choo, kuliko limhusuvyo mtu mwingine yeyote.

Kwanza na tuelewane maana. Ziko sheria kubwa zitungwazo na Bunge pale Nairobi, nazo zawahusu watu wa nchi nzima. Tena ziko sheria za mahali, ambazo kwa muda mrefu tumeziita sheria ndogo. Hizi ndizo zisemazo soko lifunguliwe saa ngapi, ng'ombe achinjiwe wapi, taka zitupwe wapi, nani apewe leseni ya kuuza, na mtu akikosa alipe faini gani. Zaitwa ndogo, lakini ndizo zitukutazo kila siku. Mtu aweza kuishi hata uzee wake asishtakiwe kwa sheria kubwa hata moja. Lakini sheria ya soko itamkuta asubuhi ile ile atakapoteremsha kikapu chake.

Sheria hizi zilitoka wapi? Katika Kenya zilikuja tabaka juu ya tabaka, kama udongo uachwao na mto kila baada ya mafuriko. Mwaka 1924 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuanzisha Mabaraza ya Wenyeji wilayani. Mwenyekiti wa baraza alikuwa Mkuu wa Wilaya, na maazimio ya wazee hayakuwa na nguvu mpaka yakubaliwe na wakubwa. Mwaka 1950 ikatungwa sheria nyingine, na mabaraza hayo yakageuzwa kuwa Mabaraza ya Wilaya ya Waafrika. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, zikawekwa kanuni mpya za serikali za mitaa, ambazo baadaye zilijulikana kuwa Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura ya 265. Chini ya sheria hiyo yakawako mabaraza ya miji, ya manispaa na ya kaunti. Kila baraza liliweza kujitungia sheria ndogo, kisha Waziri akazikubali. Mabaraza hayo yaliongezeka hata yakafika 175.

Hapa yafaa tutambue jambo moja, maana neno kaunti lina historia mbili, na wengi huzichanganya. Baraza la Kaunti la zamani lilikuwa moja tu katika mabaraza yale 175, nalo lilitunza hasa sehemu za mashambani. Serikali ya Kaunti tuliyo nayo baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 ni kitu kingine kabisa. Imetoka katika Katiba iliyoanza kutumika tarehe 27 Agosti 2010, ambayo iligawa nchi katika kaunti 47, kila moja na Gavana wake na Bunge lake dogo liitwalo Bunge la Kaunti. Kazi za kaunti zimeorodheshwa katika Jedwali la Nne la Katiba: kilimo, afya, masoko, leseni za biashara, usafi, barabara za kaunti, malezi ya wanyama, shule za watoto wadogo, kuzima moto, na nyinginezo.

Basi siku ile mabaraza ya zamani yalipokwisha, serikali mpya zilirithi majengo, madeni, magari mabovu, na pamoja na hayo makabati yaliyojaa sheria ndogo. Kaunti moja iliweza kurithi urithi wa mabaraza mawili, matatu, au zaidi, na kila baraza lilikuwa na sheria zake. Kwa hiyo watu wa kaunti moja, wenye Gavana mmoja, waliweza kujikuta wakitawaliwa na sheria mbili zisizopatana. Mchuuzi aliyekuwa na haki katika mji mmoja alikuwa mkosaji katika mji wa pili, ingawa kati ya miji hiyo hapana mpaka wowote.

Je, sheria zile hazikufa pamoja na mabaraza yaliyozitunga? Jedwali la Sita la Katiba lasema kwamba sheria zote zilizokuwa na nguvu kabla ya Katiba kuanza zitaendelea, lakini zisomwe na kurekebishwa kwa kadiri inavyotakiwa ili zipatane na Katiba. Maneno haya yalikuwa ya busara, maana nchi haiwezi kulala usiku mmoja bila sheria na kuamka na sheria mpya zote. Lakini Sheria ya Serikali za Mitaa, ambayo ndiyo mama wa sheria ndogo, ilifutwa na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012. Mama akaondoka, watoto wakabaki nyumbani bila mtu wa kuwaeleza wao ni nani. Baadhi ya kaunti zimekwisha kutunga sheria mpya katika mambo kadhaa. Lakini nyingi ziliendelea kwa miaka kutumia sheria ndogo za mabaraza yasiyokuwako tena. Na pale sheria mpya ilipotungwa bila kutaja kwamba ile ya kale imefutwa, zote mbili zikabaki mezani, ya kale na mpya, na afisa akachagua aipendayo.

Tutaijuaje sheria iliyopitwa na wakati? Miaka peke yake haitoshi kuwa alama. Iko sheria ya miaka 60 ifaayo mpaka sasa, na iko ya juzi iliyozaliwa ikiwa imeoza. Tutataja alama nne.

Alama ya kwanza ni kwamba sheria yataja watu na ofisi zisizokuwako. Yasema mtu apeleke maombi yake kwa Karani wa Mji, au apate kibali cha Baraza la Manispaa, au akate rufani kwa Waziri wa Serikali za Mitaa. Watu hao hawapo. Mwananchi mwenye kutii ataipeleka barua yake kwa nani? Naye afisa aliye leo ofisini aweza kusema, "Mimi ndiye," pale apendapo, na "Mimi siye," pale pasipompendeza.

Alama ya pili ni hesabu zilizopoteza maana. Faini iliyokuwa mzigo mzito wakati sheria ilipotungwa, leo haimtishi mwenye lori anayemwaga uchafu mtoni. Mfano mkubwa wa hesabu zilizokawia ni daftari la thamani ya ardhi, litumiwalo kukadiria kodi ya viwanja. Sheria ya zamani ilitaka daftari jipya litengenezwe kila miaka 10, isipokuwa Waziri akiruhusu muda mrefu zaidi. Hata hivyo, jiji la Nairobi lilitumia daftari la mwaka 1980 kwa zaidi ya miaka 30. Katika muda huo mashamba yaligeuka mitaa, na vichaka vikawa maghorofa. Kila mmoja afikiri mwenyewe: ikiwa thamani ya kiwanja chenye ghorofa yasomwa kama kilivyokuwa mwaka 1980, na ushuru wa kikapu cha mboga wasomwa kwa bei ya leo, ni nani anayebeba mzigo wa mji?

Alama ya tatu ni kunyamaza. Sheria iliyotungwa kabla bodaboda hazijajaa barabarani, kabla watu hawajaanza kulipana kwa simu, haina la kusema juu ya mambo hayo. Palipo na kimya hicho, kila mtu hujitungia sheria yake: chama cha waendeshaji chatunga yake, askari yake, na mwenye nguvu yake.

Alama ya nne ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni kupingana na haki za mtu. Serikali ya kikoloni iliweka sheria za kuwakamata watu waliodhaniwa kuwa wazururaji, yaani mtu aliyeonekana mjini bila kazi wala makao. Kosa lake lilikuwa kuonekana maskini mahali palipowapendeza wengine. Sheria ya Kenya juu ya uzururaji ilifutwa mwaka 1997, lakini mawazo yake yaliendelea kuishi ndani ya sheria ndogo za miji zilizokataza watu kusimama-simama au kuzunguka bila sababu ya kutosha. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake ni Arusha, ilitoa shauri lake kwamba sheria za namna hiyo, pamoja na sheria ndogo za miji, hazipatani na Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu, na kwamba yazipasa nchi kuzirekebisha au kuzifuta. Wala tusidhani kwamba ni za kikoloni tu. Mwaka 2007 Baraza la Jiji la Nairobi lilitunga sheria ndogo juu ya kero, zilizomfanya mtu kuwa mkosaji kwa kutema mate barabarani au kupenga kamasi ovyo bila kitambaa. Usafi ni jambo jema, nasi walimu twaufundisha kila siku. Lakini kumfundisha mtoto kutumia kitambaa ni jambo moja, na kumpa askari uwezo wa kumkamata mtu kwa ajili ya pua yake ni jambo la pili.

Wako wasemao, "Sheria zile hazitumiki tena. Zimelala. Ya nini kujisumbua kuzifuta?" Neno hili twalisikia mara nyingi, na wengine walisemao ni watu wenye elimu. Twawajibu kwamba sheria iliyolala haikufa. Aliyeipuuza kwa miaka 10 aweza kuikumbuka asubuhi moja, wala hataikumbuka juu ya tajiri mwenye wakili. Ataikumbuka juu ya yule asiyeweza kujibu.

Na tumwangalie mama mmoja, ambaye kila msikilizaji ataweza kumpa jina la mtu amjuaye. Ameamka saa kumi alfajiri, amebeba nyanya zake hata mjini, ameketi mahali alipokuwa akiketi mwaka mzima. Askari wa kaunti, wale ambao mitaani bado huitwa kanjo, wanafika na kumwambia kwamba mahali hapo pamekatazwa. Anauliza, "Pamekatazwa na sheria gani, mwanangu?" Anaambiwa, "Sheria ya baraza." Anauliza faini ni kiasi gani, na kila askari ana jibu lake. Karatasi ya sheria hiyo haiko sokoni, haiko kwa chifu, haiko katika ofisi ya wadi. Pengine ni sheria ya kweli, pengine ilifutwa, pengine haikuwako kabisa. Mama yule hana njia ya kujua, na nyanya zinaharibika juani. Basi atafungua kitambaa chake na kutoa alicho nacho. Mambo hayo yakirudiwa kila juma, mama yule atakuwa amelipa zaidi kuliko leseni, wala hata senti moja haikuingia katika hazina ya kaunti. Palipo na sheria isiyosomwa, bei ya kosa huwekwa na yule aliyemkamata mtu.

Mahakama zina msemo kwamba kutojua sheria si kinga. Nasi twaukubali, maana kama si hivyo kila mwizi angesema hakujua. Lakini msemo huu una upande wa pili, kwa kuwa sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Kama serikali yasema kutojua si kinga, yaipasa serikali hiyo kuifanya sheria iweze kujulikana. Mwalimu hawezi kumpiga mtihani mtoto katika kitabu alichokifungia kabatini.

Sasa tuseme juu ya upande mwingine, ili mtu asidhani kwamba twataka vitabu vyote vya kale vichomwe moto. Wahenga walisema jungu kuu halikosi ukoko. Katika sheria ndogo za zamani zimo nyingi zilizotungwa na watu wenye akili, walioyajua mahitaji ya mahali pao: chemchemi isioshewe nguo, nyama isiuzwe kabla haijakaguliwa, moto usiwashwe mbugani wakati wa kiangazi, choo kisichimbwe karibu na kisima. Sheria hizi zikifutwa ovyo pamoja na zile mbaya, kipindupindu hakitangoja Bunge la Kaunti likutane. Kazi ya kuzipitia sheria ni kama kazi ya mama apepetaye nafaka kwa ungo. Hatupi yote, wala haweki yote. Hupepeta.

Kazi yenyewe hufanywaje? Kwanza ni kukusanya. Lazima sheria zote za mabaraza yaliyorithiwa zitafutwe makabatini na katika matoleo ya Gazeti Rasmi, ziorodheshwe, kila moja na mwaka wake. Kazi hii huonekana nyepesi, lakini ndiyo ichukuayo muda mrefu, maana huwezi kupepeta nafaka isiyoteremshwa kutoka ghalani.

Pili ni kuchambua, na twashauri viwekwe vikapu vitatu. Kikapu cha kwanza ni cha sheria zitakazobaki kama zilivyo, ila majina ya ofisi yabadilishwe. Cha pili ni cha sheria zenye shabaha njema lakini zina kasoro. Hizo zishonwe upya. Cha tatu ni cha zile zitakazofutwa. Kila sheria iulizwe maswali manne: Je, jambo hili ni katika kazi za kaunti zilizotajwa katika Jedwali la Nne, au ni la serikali ya taifa? Je, lapatana na haki zilizo katika Katiba? Je, mtu wa kawaida akiisoma ataelewa ni nini alichokatazwa? Je, adhabu yake yalingana na kosa?

Tatu ni kutunga. Mswada huletwa katika Bunge la Kaunti na mjumbe mmoja au kamati, ukajadiliwa na kupitishwa. Spika huupeleka kwa Gavana ndani ya siku 14, na Gavana ana siku 14 za kuutia sahihi au kuurudisha pamoja na sababu zake. Ukiisha kutiwa sahihi huchapishwa katika Gazeti la Kaunti na Gazeti Rasmi la Kenya, na huanza kuwa na nguvu siku ya 14 baada ya kuchapishwa, isipokuwa wenyewe umetaja siku nyingine. Sheria ya kaunti isiyochapishwa haina nguvu. Na mswada mpya usisahau kutaja, kwa jina na mwaka, kila sheria ya kale ambayo unaifuta.

Lakini kati ya hatua hizo zote iko hatua isiyorukwa, nayo ni kuwasikiliza wananchi. Kifungu cha 196 cha Katiba chaliagiza Bunge la Kaunti lifanye kazi yake waziwazi na kuwashirikisha watu. Hili si pambo. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliitengua Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Katika hukumu hiyo hakimu alieleza kwamba haitoshi kutimiza jambo hilo kwa jina tu. Yalipasa Bunge la Kaunti kuwahimiza watu waje kusema, kwa kutumia makanisa, misikiti, mahekalu, mabaraza ya hadhara, redio za taifa na za lugha za wenyeji, na kila mahali wakusanyikapo watu. Ndiyo sababu twaona kwamba jambo hili lina haki ya kusemwa hapa redioni.

Twaona hatari tatu katika kazi hii, na ni vema kuzitaja mapema, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Hatari ya kwanza ni kubadili jalada. Mtu achukua sheria ya kale, afuta neno "Baraza" na kuandika "Kaunti", kisha asema sheria ni mpya. Ya pili ni kuiga. Kaunti moja yachukua sheria ya kaunti nyingine neno kwa neno, hata watu wa nchi kavu wakajikuta na masharti ya bandari. Ya tatu ni kukusudia fedha peke yake. Ni kweli kaunti yahitaji mapato, na bila ushuru hapana dawa hospitalini. Lakini sheria iliyotungwa ili faini ziwe nyingi haitafurahi watu wakiacha kukosa. Kifungu cha 210 cha Katiba chasema kwamba kodi isitozwe wala kusamehewa ila kwa sheria. Kwa hiyo mtu adaiwaye ana haki ya kuuliza, kwa adabu, ni sheria ipi.

Tena, kazi hii isiwe ya mara moja katika kila kizazi. Mwaka 2013 Bunge la Kenya lilitunga sheria isemayo kwamba kanuni zitungwazo chini ya sheria kubwa hufa zenyewe baada ya miaka 10, isipokuwa zimefutwa kabla au muda wake umeongezwa. Shabaha yake ni njema: kila kanuni iletwe tena mbele ya watu iulizwe, "Bado unafaa kuishi?" Twaona kwamba Mabunge ya Kaunti yangefanya vema kuweka desturi kama hiyo kwa sheria zake zote.

Sasa twageuka kwenu ninyi mtusikilizao. Pengine mtu atasema, "Mimi ni mkulima tu, nitafanya nini?" Mambo manne yamo katika uwezo wako.

La kwanza, uliza. Kuuliza si ujinga. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yampa kila raia haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa serikali, pamoja na sheria zinazomhusu. Maombi yaweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Na asiyejua kuandika, afisa ampasa kumsaidia na kuyaandika maneno yake. Jibu latakiwa lipatikane ndani ya siku 21. Chagua sheria moja tu iwagusayo, kwa mfano ya soko lenu, na mwombe nakala yake.

La pili, someni pamoja. Hapa twasema hasa na wanafunzi. Ninyi mna hazina ambayo wazazi wenu wengi hawakupata. Msiitumie kwa barua zenu na mitihani yenu tu. Mkipata nakala ya sheria, wasomeeni wazee polepole, kifungu baada ya kifungu, na maneno magumu mwaeleze kwa lugha ya nyumbani. Mtashangaa kuona kwamba mzee asiyejua kusoma aweza kuona tundu la sheria kuliko msomi, kwa kuwa yeye ndiye aliyepita katika tundu hilo.

La tatu, nendeni barazani. Mkutano wa kuwasikiliza wananchi ukitangazwa, msiache viti kwa watu wale wale wa kila siku. Kina mama wa soko na waende, vijana wa bodaboda na waende, wafugaji na waende. Na mtu asiseme tu, "Sheria hii mbaya." Aseme ni kifungu gani, kimemletea hasara gani, na angependa kiandikwe namna gani. Neno la namna hiyo karani hawezi kuliruka.

La nne, andikeni ombi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 yampa mtu yeyote haki ya kuliomba Bunge la Kaunti litunge sheria, liirekebishe au liifute. Si lazima ungoje mpaka serikali ikumbuke. Kijiji kimoja, kikundi cha wachuuzi, hata mtu mmoja, aweza kuanzisha jambo.

Kwa upande wa wenye mamlaka tuna ombi moja dogo lisilohitaji fedha nyingi. Katiba imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Basi kila sheria ya kaunti imhusuyo mtu wa kawaida na iandikwe kwa Kiswahili chepesi, na ibandikwe mahali inapotumika: ya soko katika lango la soko, ya machinjio mlangoni pa machinjio, ya kituo cha magari kituoni. Orodha ya ushuru na faini iandikwe kwa tarakimu kubwa juu ya ubao, pamoja na jina la sheria na mwaka wake. Ubao huo mmoja utamlinda mchuuzi, utamlinda na askari mwaminifu ambaye leo hushukiwa pamoja na wasio waaminifu, na utaleta fedha katika hazina badala ya mifuko ya watu.

Wasikilizaji wetu, sheria za mahali ni mali ya watu wa mahali. Siku zile za mwanzo tulizozitaja, neno la mwisho juu ya maazimio ya wazee lilikuwa la wakubwa; na baada ya uhuru bado ilitakiwa sahihi ya Waziri. Leo sheria ya kaunti hutungwa na wajumbe tuliowachagua wenyewe, na mlango wa kusema umefunguliwa na Katiba. Basi juma lijalo, mtakapokwenda sokoni, muulizeni msimamizi swali moja: ushuru huu twautoa kwa sheria gani, ya mwaka gani, na nakala yake iko wapi? Akiwaonyesha, isomeni. Asipoweza kuwaonyesha, mmekwisha kupata neno la kwanza la ombi lenu.